Jinsi ya kuomba uwakili na kuanza kazi ya mashauri ya familia katika ofisi ndogo

Shahada ya sheria peke yake haikufanyi kuwa wakili. Mwenye shahada tu akimwandikia mtu maombi ya talaka kwa malipo, huyo ni kishoka, hata kama chuoni alipata daraja la kwanza. Kila mwaka wahitimu huniuliza waanzie wapi, hasa wale wanaotaka mashauri ya ndoa, watoto na mirathi. Kazi hizo nyingi ziko kwenye ofisi ndogo zenye wakili mmoja, wawili au watatu. Haya ninayoeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

1. Shule ya Sheria

Baada ya shahada unapita hapa kwanza. Jina lake rasmi ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ilianza kufundisha 2008, jijini Dar es Salaam. Maombi hufanyika mtandaoni. Andaa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha shahada pamoja na matokeo yake, na picha ndogo. Aliyesoma nje ya nchi aanze Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada yake itambuliwe kwanza.

Kabla hujatuma, panga vyeti vyote mezani usome jina lako herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha, cha kidato cha nne kinasema Aisha, na cha chuo kimeongeza jina la mume. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo. Jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Lishughulikie sasa, maana vyeti hivyohivyo vitakwenda kwa Jaji Mkuu.

Usiichukulie shule hii kama mwaka wa tano wa chuo. Mwaka 2022 matokeo yake yalizungumzwa nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, na serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Anza mapema kuandika hati kwa mkono wako mwenyewe: hati ya madai, kiapo, maombi. Na uandike kwa Kiswahili pia. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na bado wapo mawakili wazuri wanaokwama wakiambiwa waandike maombi ya matunzo ya mtoto bila kuegemea Kiingereza.

2. Fildi

Baada ya darasani kuna mafunzo kwa vitendo, mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayoamua kama utapata kazi ya familia au hutapata.

Wengi hukimbilia ofisi kubwa za mawakili za Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwa sababu ya jina. Ofisi hizo zina kazi nzuri za benki, kodi na madini, lakini unaweza kumaliza fildi hujakaa chumba kimoja na mteja anayelia. Nenda ofisi ndogo, Temeke, Morogoro, Mwanza, popote, ambako wakili atakuambia, "Kaa hapo, sikiliza, andika." Ukiwa Dar es Salaam, fika pia Kituo Jumuishi cha masuala ya mirathi na familia, Temeke. Kilianza 2021, na humo Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu ziko pamoja. Omba ruhusa kabla ya kuingia, kwa sababu mashauri ya watoto hayasikilizwi mbele ya kila mtu.

Weka daftari lako la hatua. Majina ya wateja usiyaandike. Andika hatua tu: hati gani ilipelekwa, ilirudishwa kwa sababu gani, ilichukua siku ngapi.

Jioni soma hukumu. Zipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Anza na Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Isome mpaka mwisho, kwa sababu Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba: mahakama iliona mume alikwishampa fedha, naye hakuzitumia vizuri. Anayeijua nusu ya kwanza tu humwahidi mteja kisichokuwepo.

3. Maombi kwa Jaji Mkuu

Ukishafaulu, unaomba kwa Jaji Mkuu, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, uingizwe kwenye Orodha ya Mawakili. Maombi hupita kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Unaambatanisha vyeti vyako vyote na barua mbili za watu wanaothibitisha tabia yako njema. Chagua watu wanaokujua kweli, na uwaambie mapema. Baraza la Elimu ya Sheria litakuita kwenye mahojiano. Maswali ya maadili ya uwakili hayakosekani, kwa hiyo isome Sheria ya Mawakili yenyewe, usitegemee madesa. Ukipita, unaapishwa na kupata namba ya uwakili.

4. Cheti cha kufanya kazi

Kuapishwa hakutoshi. Unajiunga na Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, unalipa ada, kisha unachukua cheti cha kufanya kazi ya uwakili cha mwaka huo. Kinakwisha Desemba 31, hata kama ulikipata Oktoba. Chukua pamoja na cheti cha kamishna wa viapo, kwani ofisi ndogo hupata watu wa viapo kila siku.

5. Barua ya kuomba kazi

Ofisi ndogo hazitangazi nafasi, kwa hiyo peleka barua mwenyewe. Nenda mchana, asubuhi mawakili wako mahakamani. Msalimie karani kwa heshima na umweleze shida yako vizuri, kwa sababu ndiye anayejua kama ofisi imeelemewa, na barua yako itapita mikononi mwake. Wakili akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza, vyeti baadaye.

Barua iwe ukurasa mmoja. Baada ya anwani na kichwa, andika kitu cha namna hii:

"Naomba kazi ya wakili katika ofisi yako. Nimeapishwa mwaka huu na nina cheti cha kufanya kazi. Wakati wa mafunzo kwa vitendo niliandaa, chini ya usimamizi, maombi matatu ya talaka, mawili ya matunzo ya mtoto, na orodha ya mali za marehemu kwa Fomu Na. V. Nimeambatanisha nakala ya maombi moja, majina yakiwa yameondolewa. Naweza kuanza mara moja."

Kila sentensi hapo inaweza kuhakikiwa. Ukiandika kwamba wewe ni mchapakazi na una uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, unamlazimisha msomaji akuamini tu. Hiyo nakala iliyoambatanishwa ndiyo itakayosomwa, basi iwe safi.

6. Usaili

Usaili wa ofisi ndogo mara nyingi ni kisa. Mimi huwapa hiki: mama ameolewa miezi 18, ana mtoto wa miaka minne, mume amehamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili, mama anataka talaka. Utafanya nini?

Anayekimbilia mgawanyo wa mali ameruka mambo manne. La kwanza ni kumuuliza mama kama yuko salama, anapigwa au hapigwi, na usiku atalala wapi. La pili, ndoa haijatimiza miaka miwili. Kifungu cha 100 cha Sheria ya Ndoa kinataka kibali cha mahakama kabla ya kufungua ombi la talaka, nacho hutolewa kwa anayepata mateso yasiyo ya kawaida. La tatu, kabla ya ombi la talaka mgogoro hupelekwa kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kifungu cha 101. Mume anajulikana aliko, kwa hiyo msamaha wa aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake yuko wapi hauwezi kumsaidia. La nne, mtoto. Chini ya miaka saba sheria inachukulia kuwa ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na matunzo yake yanaweza kuombwa bila kusubiri talaka. Namba hizi za vifungu ni za toleo la 2019. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, basi ukinukuu mahakamani taja toleo unalolitumia.

Kuhusu Baraza, nitasema zaidi, kwa sababu nilijifunza kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama muuza genge na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na madaftari manne ya vikoba, risiti za saruji na mabati, na Fomu Na. 3 kutoka Baraza la Kata ikisema usuluhishi umeshindikana. Ushahidi wa mchango wake katika ile nyumba ulikuwa umekamilika kuliko wa wateja wengi wenye fedha. Nilisoma madaftari yale wiki tatu nzima, nikaandika ombi zuri, nikalifungua. Sikuisoma tarehe ya Fomu Na. 3. Kifungu cha 106 kinataka hati hiyo iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa, na yake siku aliyoingia ofisini kwangu ilikuwa imebakiza siku kumi na moja. Ombi likatupwa. Tulirudi Barazani, na tulipofungua upya mume alikuwa ameshauza kiwanja cha pili. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo tarehe haikuonekana?"

Basi ukipewa karatasi kwenye usaili, soma tarehe kwanza. Wakili anayekuhoji atakuona.

7. Kabla ya kusaini

Omba mkataba wa maandishi. Uliza mshahara ni kiasi gani na unalipwa lini, kama utapata sehemu ya ada kwa wateja utakaowaleta, na nani atalipia ada ya TLS, cheti cha mwaka na mafunzo endelevu. Uliza pia fedha za wateja zinawekwa kwenye akaunti gani. Ukijibiwa kwamba zinachanganywa na za ofisi, tafuta ofisi nyingine.

Ukishakubaliwa, siku ya kwanza omba shajara ya mahakama na mafaili ya mirathi ambayo hayajafungwa. Kwa kila faili la Mahakama ya Mwanzo tafuta tarehe msimamizi alipoteuliwa, hesabu miezi minne anayopewa kupeleka orodha ya mali, kisha angalia kama Fomu Na. V imekwisha kuwasilishwa. Ambazo hazijawasilishwa, wapigie wasimamizi simu siku hiyohiyo.