Kuifunza droni kujiongoza wakati sensa zake zinakosea

Mwongozo huu unamfaa mtu aliyekwisha kurusha droni ya PX4, yaani inayoendeshwa na programu huria ya PX4, na anayeweza kuandika Python.

Hatua ya 1. Sakinisha PX4 na Gazebo, programu ya kuigiza safari za droni kompyutani, kisha hakikisha droni ya kompyutani inapaa na kutua.

Hatua ya 2. Iache modeli, yaani programu unayoifunza kuongoza droni, iamuru kasi tu, na mota zibaki chini ya PX4. Modeli inayopokea picha na kuendesha mota moja kwa moja siipendi, kwa sababu droni ikianguka huwezi kujua kosa limeanzia wapi.

Hatua ya 3. Tengeneza makosa ya sensa. Hapa ndipo muda huishia, kwa kuwa wengi huongeza kelele za nasibu katika kila kipimo, modeli ikajifunza kutafuta wastani, ikaonekana hodari kompyutani na kuyumba uwanjani. GPS haikosei hivyo: karibu na jengo refu, mawimbi hugonga ukuta kabla ya kufika kwenye antena, na kosa la mita kadhaa huweza kung'ang'ania upande mmoja kwa sekunde nyingi, kosa ambalo wastani hauliondoi. Kwa hiyo kila kosa lizaliwe na lililolitangulia, na mara nyingine kipimo kikosekane kabisa.

Kisha kuna ucheleweshaji wa vipimo. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde husogea mita moja nzima ndani ya milisekunde 100. EKF2, kichujio cha Kalman cha PX4 kinachokadiria mahali droni ilipo kutokana na vipimo vya sensa, hufidia jambo hili kupitia kigezo cha ucheleweshaji wa GPS (EKF2_GPS_DELAY katika matoleo mengi). Usipokitumia kichujio hicho ili mafunzo yaende haraka, basi vipimo ghafi vicheleweshwe na wewe mwenyewe.

Ukubwa wa makosa yote haya upatikane katika logi, yaani kumbukumbu za safari, za droni yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, ambao mfumo wao wa Swift uliwashinda mabingwa wa mbio za droni katika matokeo yaliyochapishwa 2023, nao walitumia data ya safari halisi kurekebisha uigaji wao.

Ipe modeli pia kiwango cha shaka cha EKF2, lakini usikitegemee peke yake, kwani karibu na ukuta kichujio huweza kujiamini huku kimepotea. Ongeza tofauti kati ya kipimo na makadirio ya kichujio.

Hatua ya 4. Funza kwa PPO, mbinu ya kujifunza kwa kujaribu na kupewa tuzo, ukibadilisha makosa kila safari.

Hatua ya 5. Rusha katika hali ya Offboard, ambapo PX4 hupokea amri kutoka programu ya nje, na ambayo hukatika amri zikipungua chini ya 2 kwa sekunde, na swichi ya kumrudishia rubani udhibiti ijaribiwe kabla ya kupaa.