Kutafuta shoti kwenye bodi ya TV flati kabla hujamwambia mteja alete hela ya bodi

Hapa Tanga mteja akileta flati isiyowaka, anachoambiwa mara nyingi ni "bodi imekufa mzee". Mi nakataa. Mara nyingi sana unakuta kapasita moja tu (kifaa kinachotunza chaji), ndogo kama chembe ya mchele, imepiga shoti, yaani imeunganisha line ya umeme na graundi (upande wa hasi), na nyingine ya kufanana nayo unaing'oa bure kwenye bodi bovu. Juzi nimemwelekeza kijana mmoja wa Pangani kwa simu mpaka TV ikawaka, nikaona njia yenyewe niiandike kabisa.

Hatua ya 1: Chaji

Chomoa umeme, fungua mgongo. Kapasita kubwa ya bodi ya pawa inabaki na volti 300 na ushee hata waya ikiwa nje ya soketi. Imalize kwa balbu ya nyuzi ya wati 60, sio bisibisi, halafu pima uhakikishe.

Hatua ya 2: Macho

Sisi wa pwani hewa ina chumvi, TV za Raskazone na za huko ufukweni unakuta kutu ya kijani kwenye miguu ya aisi (zile chipu nyeusi). Mjusi naye anapenda joto la bodi ya pawa, anaungua palepale na kuunganisha njia mbili. Piga brashi na spiriti kwanza.

Hatua ya 3: Bodi ipi

Tenganisha bodi ya pawa na mein bodi (bodi kuu yenye prosesa), washa bodi ya pawa kupitia balbu ya siriizi, yaani balbu iliyokatizwa kwenye waya mmoja wa umeme (ya nyuzi, balbu za LED hazifai hapa). Balbu ikiwaka kwa nguvu na isipungue, shoti iko upande wa umeme wa ukutani, kagua daraja la dayodi na mosfeti (transista ya kukata na kuwasha umeme). Ikiwaka kidogo tu ikafifia, nenda mein bodi. Huko, umeme ukiwa umechomolewa, pima line ya volti 12 inayoenda kwenye paneli (kioo), kisha chomoa kebo ya LVDS (ile inayopeleka picha kwenye paneli) upime tena, shoti ikiondoka basi ni tikoni (bodi ndogo ya paneli) au paneli na mein bodi haina kosa.

Hatua ya 4: Line ipi (hapa ndo watu wanapotea)

Soma taratibu. MITA KULIA SIO SHOTI. Mita (maltimita) nyingi zikiwekwa kwenye mlio zinalia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50 hivi, sasa line ya prosesa ya volti 1 na kitu, ikiwa nzima kabisa, inaweza kusoma omu chache tu, mita inalia, fundi anaanza kung'oa kapasita moja baada ya nyingine na bloa (ya hewa moto), anamaliza safu nzima na mita bado inalia, na joto la bloa limeshaharibu solda ya chini ya prosesa. Bodi ilikuwa nzima imeuliwa mezani. Inaniuma sana nikiona hivyo.

Fanya hivi. Weka mita kwenye omu 200, gusanisha waya zake, itasoma labda 0.3 au 0.5, hiyo ni ya waya zenyewe, uitoe kwenye kila kipimo. Halafu pima kila koili kwenda graundi, kila koili ni line yake. Line ya 12 au ya 5 ikisoma chini ya omu 1 hiyo ni shoti. Line ya prosesa usiihukumu kwa namba peke yake, linganisha na bodi nzima ya aina hiyohiyo kama unayo.

Na angalia graundi. Bodi ya pawa ina graundi mbili, ya upande wa moto na ya upande wa baridi, ukishika isiyo yake mita inaonyesha hakuna muunganiko na wewe unasema hakuna shoti.

Kingine, pima kati ya line ya 12 na koili ya prosesa. Ikiwa karibu na sifuri, regyuleta (aisi ya kushusha volti) imepiga shoti ndani na volti 12 zimeingia kwenye prosesa, hapo ndo unamwambia mteja bodi.

Hatua ya 5: Ingiza volti

Nunua DC sapulai ya mezani, ni bora kuliko kuongeza bloa ya pili. Weka volti 1, ampia 1, chanya kwenye line yenye shoti, hasi kwenye graundi. Penye shoti pasipopata joto ongeza ampia kidogo kidogo, ila volti zisizidi za line yenyewe. Mwagia spiriti ile kali isiyo na maji mengi, ya hospitali inachelewa kukauka. Panapokauka kwanza ndipo penye shoti. Spiriti inashika moto, kwa hiyo unganisha waya kwanza ndo umwagie.

Huna sapulai? Chaja ya simu ya volti 5 na rezista ya omu 5 ya wati 10 kwenye njia, utapata ampia 1. Hii ni kwa line za 12 na 5 TU, kwenye prosesa usithubutu.

Hatua ya 6: Badilisha

Ing'oe kapasita iliyopata joto, pima line tena kabla hujaweka nyingine. Shoti ikiwa imeondoka weka kapasita ya ukubwa uleule na volti zilezile au zaidi, safisha fluksi, rudisha bodi kwenye siriizi LVDS ikiwa nje, pima line zote, zikikaa sawa ndo uchomeke paneli.