Somo: Kukagua faili ya Word yenye kitu kilichopachikwa kabla hujaifungua

Kila Juni saiba za Nairobi hujaa watu wa ritani za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), na wengi walijifunzia hapo kubonyeza "Enable Content", maana fomu ya ritani ya Excel haifanyi kazi bila makro, yaani vijiprogramu vinavyobebwa ndani ya faili. Mkono ukazoea. Halafu mtu anasikia kuwa tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zinazotoka mtandaoni, anajiona yuko salama. Bado. Leo tunaangalia faili isiyo na makro hata moja, ila ina kitu kilichopachikwa ndani yake.

Word inaweza kubeba jedwali la Excel, fomula, hata programu nzima, kwa teknolojia iitwayo OLE. Kitu hicho mara nyingi Word haikisomi yenyewe, bali huita programu nyingine ikisome, na kasoro za programu hiyo zinakuwa zako. Chukua kihariri cha fomula, EQNEDT32.EXE, kilichotengenezwa mwaka 2000 na kuachwa ndani ya Office miaka nenda rudi. Novemba 2017 ikatangazwa kasoro CVE-2017-11882 (CVE ni namba ya kutambulisha kasoro ya usalama): ukikipa jina la fonti refu kuliko nafasi iliyotengwa, herufi zinazozidi zinaandika juu ya kumbukumbu ya jirani, na humo ndimo mshambuliaji anapenyeza amri zake. Januari 2018 Microsoft wakaona heri wakiondoe kabisa.

Hatua ya 1: Usibofye mara mbili. Bofya kulia, nenda Properties. Ukiona "Unblock" pale chini, Windows imeiwekea faili alama kwamba imetoka nje, na Word itaifungua katika Protected View, hali ya kusoma tu. Usitie tiki hapo. Lakini jua hili: alama hiyo hukaa kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS tu, na flash nyingi tunazouziwa mtaa wa Luthuli, Nairobi, zimepangwa kwa FAT32 au exFAT. Mteja akipakua faili kwake akakuletea kwa flash, alama imebaki njiani, na Word yako itaipokea kama faili uliyoiandika mwenyewe. Saiba nyingi huponzwa na hapa.

Hatua ya 2: Ifungue kama zip. Tengeneza nakala, badilisha .docx iwe .zip, ingia folda ya word. Kuna folda iitwayo embeddings? Faili ya .xlsx humo mara nyingi ni data ya grafu tu. Ya kutilia shaka ni oleObject1.bin. Barua ya kuomba kazi ina oleObject ya nini?

Usiishie hapo. Katika word/_rels fungua document.xml.rels na settings.xml.rels kwa Notepad, utafute TargetMode="External". Mstari wenye hyperlink ni kiungo cha kawaida. Wenye oleObject au attachedTemplate pamoja na anwani ya http unavuta kitu kutoka seva ya mtu. Kasoro iitwayo Follina ya Mei 2022, CVE-2022-30190, ilipitia mlango huu: Word ilivuta ukurasa wa HTML, ukurasa ukaamsha chombo cha Windows kiitwacho MSDT, nacho kikaendesha PowerShell, programu ya Windows ya kutekeleza amri.

Hatua ya 3: Ikikataa kuwa zip. Ifungue kwa Notepad. Ikianza na {\rtf, hiyo ni RTF, aina nyingine ya faili ya maandishi, iliyobandikwa jina la .doc. Tafuta \objdata, na hasa \objupdate, inayofanya kitu kijisasishe faili inapofunguliwa bila wewe kubofya chochote. Watundu huyavuruga maneno haya yasionekane, kwa hiyo usitegemee macho pekee. Ukiwa na Python, andika kwenye Command Prompt pip install oletools, kisha rtfobj na jina la faili.

Hatua ya 4: Sasisha Office na Windows. Kwenye Microsoft Defender washa kanuni inayozuia programu za Office kuanzisha programu nyingine. Baadhi ya nyongeza za kihasibu zitalalamika, basi ijaribu kwenye mashine moja kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Saiba, Umoja: Mwalimu, mashine zangu zina Office 2010 na pesa ya kununua mpya sina. Nifanyeje?

Jibu: Mama, Office 2010 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2020. Angalia C:\Program Files (x86)\Common Files\Microsoft Shared\EQUATION. Ukikuta EQNEDT32.EXE, basi sasisho la Januari 2018 halikukufikia. Weka LibreOffice, ni ya bure na fomula inazishughulikia yenyewe. Nayo isasishe. Mteja wa kuchapisha tu, fungulia faili yake kwenye Google Docs.

Mhasibu, Ngara: Kwa nini nisiipakie tu VirusTotal, ile tovuti ya kukagua faili kwa antivirus nyingi?

Jibu: Kwa sababu ukiipakia, watu wengine wanaweza kuipata, na ndani kuna PIN na kitambulisho cha mteja wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, ndugu. Kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile jina.docx SHA256, uchukue ile namba ndefu uitafute huko. Isipopatikana, haina maana faili ni safi.

Kijana wa Tenda: Nikiifungua kwa simu je?

Jibu: EQNEDT32 ni ya Windows, kwa Android haifui dafu. Viungo vilivyo ndani ya faili bado vinaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kukuibia nywila.

Mwanachama mpya: Jana nilifungua "LPO" (oda ya manunuzi) iliyokuja kwa barua pepe, nikabonyeza "Enable Editing". Hakikutokea kitu.

Jibu: Kutokuona kitu si kinga, bosi. Zima Wi-Fi ya mashine hiyo sasa hivi, usiingie benki nayo. Badilisha nywila kwa kutumia simu, ukianza na barua pepe. Kisha endesha Defender Offline, ukaguzi wa virusi unaofanyika kabla Windows haijawaka, na uripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao. Faili usiifute, wataihitaji.