Namna ya kukagua ripoti za kutegua mabomu ya ardhini kwa mlipuko wa nyuklia

Wahandisi wa jeshi la Marekani walilijaribu wazo la kulipua mabomu ya ardhini kwa wimbi la mlipuko wa nyuklia katika jangwa la Nevada, ikiwemo katika mfululizo wa majaribio ya nyuklia wa Tumbler-Snapper wa 1952. Ukiishika ripoti ya aina hiyo, usikimbilie asilimia ya mabomu yaliyolipuka.

Hatua ya 1: Tambua fyuzi, yaani kifaa kinacholiwasha bomu. Fyuzi ya kukanyagwa hutii shinikizo. Ya sumaku husubiri chuma cha kifaru, kwa hiyo usiichanganye kwenye hesabu moja na ile.

Hatua ya 2: Geuza uzito kuwa shinikizo. Tuseme fyuzi inahitaji kilo 160 na sahani yake ya kukanyagwa ina kipenyo cha sm 20. Eneo ni sm² 314; ukigawanya unapata takriban kilo 0.5 kwa kila sm². Linganisha na shinikizo lililopimwa palepale bomu lilipofukiwa. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua kipimo cha mahali pengine.

Hatua ya 3: Angalia muda wa msukumo. Hapa ndipo penye kiini. Baruti ya kawaida husukuma kwa milisekunde chache, ilhali wimbi la nyuklia huweza kukandamiza kwa sehemu kubwa ya sekunde, hata zaidi bomu la nyuklia likiwa kubwa. Mabomu ya ardhini ya Italia yaliyokuja baadaye, kama TS-50 na VS-2.2, yana mfumo wa hewa unaopuuza pigo la ghafla na kukubali mkandamizo wa taratibu wa mguu au gurudumu. Basi usihamishe matokeo ya baruti kwenda nyuklia, wala kinyume chake.

Hatua ya 4: Soma kina bomu lilipofukiwa, aina ya udongo na unyevu. Ripoti isiyotaja kina, iweke kando.

Hatua ya 5: Pima faida. Kwa shinikizo lilelile, kuongeza maradufu umbali linakofika hudai nguvu ya mlipuko mara 8, na eneo linaloguswa hukua mara 4 tu.

Hatua ya 6: Hesabu yaliyobaki, hasa yaliyopasuka bila kulipuka na yaliyorushwa au kufunikwa upya. Hayo yanamtisha mteguaji kuliko yote: ramani haiyaonyeshi tena, na mlipuko ukiwa karibu na ardhi, mionzi inazuia watu kuingia kuyatafuta. Jeshi linalotaka kupita huridhika na njia moja. Uteguaji wa kibinadamu hudai kila bomu liondolewe hadi kina kilichokubaliwa. Ukikuta neno "pamesafishwa", andika pembeni ni kipimo kipi kati ya hivyo viwili kilichotumika.