Namna ya Kuomba Amri ya Muda Unapotafuta Makubaliano na Wadai

Kabla ya kufungua maombi ya amri ya muda, yaani amri ya mahakama inayowazuia wadai kwa kipindi kifupi wasikuchukulie hatua, jiulize kwanza kama unayahitaji. Nchini Uingereza na Wales, tangu mwaka 2003, mdaiwa anaweza kuwapelekea wadai pendekezo la makubaliano ya hiari (mpango wa kulipa madeni unaopigiwa kura na wadai) bila amri ya muda, na hivyo kuokoa ada na siku. Amri inafaa pale mdai mmoja anapokuwa amekwisha kwenda mahakamani, au dalali wa mahakama ana hati ya kukamata mali, ilhali wadai wengine wako tayari kuzungumza.

Kifungu cha 255 cha Sheria ya Ufilisi ya 1986 kinaweka masharti manne: uwe na nia ya kutoa pendekezo, uwe mufilisi ambaye hajaachiliwa (hajaondolewa rasmi kwenye ufilisi), au mtu anayestahili kujiombea ufilisi, usiwe umeomba amri kama hiyo katika miezi 12 iliyopita, na msimamizi mteule, yaani mtaalamu wa ufilisi anayeshughulikia pendekezo lako, awe amekubali kazi. Yathibitishe kwa maelezo yaliyotiwa saini, ukiambatanisha pendekezo na idhini ya msimamizi huyo, na utaje kila shauri lililo dhidi yako, hata lile unaloliona dogo.

Masharti yakitimia yote, jaji bado ana hiari. Atatoa amri akiona itasaidia pendekezo kujadiliwa na kutekelezwa, na majaji wamezoea kudai pendekezo la dhati lenye uwezekano wa kufanikiwa. Chukua deni la jumla ya pauni 40,000, ambapo mdai wa pauni 12,000 amekwisha kuandika kwamba atakataa. Wengine wote wakikubali, zinapatikana asilimia 70 tu, wakati zinazohitajika ni 75 ya thamani ya madeni ya wanaopiga kura. Hapo fanya mazungumzo na mdai huyo kwanza. Amri haitakupatia kura yake.

Maombi yakiwa bado yanasubiri, mahakama inaweza kusimamisha shauri au ukamataji wowote, lakini zuio hilo haliji lenyewe, kwa hiyo liombe siku ile ile unapofungua. Amri ikishatolewa, hakuna anayeweza kuwasilisha au kuendeleza maombi ya kukufilisi. Mwenye nyumba hawezi kutwaa jengo kwa kusitisha mkataba wa pango, wala kesi nyingine na ukamataji mali haviendelei, isipokuwa kwa kibali cha mahakama. Orodha hiyo haitaji mdai mwenye dhamana (kwa mfano benki yenye rehani ya nyumba) anayeitekeleza dhamana hiyo nje ya mahakama, jambo ambalo wadaiwa wengi hulisahau.

Amri hudumu siku 14. Ndani ya muda huo msimamizi mteule anatakiwa kuiripoti mahakama kama pendekezo lina matumaini ya kupita, na mahakama inaweza kuongeza muda akiuomba ili akamilishe ripoti, au baada ya ripoti ili wadai wapate nafasi ya kuamua. Inaweza pia kuifuta amri akionyesha kwamba hukumpa nyaraka alizostahili, ndiyo maana taarifa za benki na orodha ya madeni zinapaswa kuwa mikononi mwake kabla hujafungua maombi.

Kwa aliyekwisha kufilisiwa, mpokezi rasmi (ofisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi) na mdhamini wa mali (anayeshika mali ya mufilisi) wapewe taarifa. Mahakama inaweza kusimamisha mwenendo wa ufilisi, lakini hailegezi masharti yake bila kuridhika kwamba thamani ya mali haitapungua sana.

Pendekezo likipita, amri hukoma siku 28 baada ya matokeo kuripotiwa mahakamani.