Kidonge Kikivua Kofia, Usikimbilie Kukaza Mashine

Mwanafunzi wa kutengeneza dawa akiona kidonge chake kinavua kofia, yaani tabaka la juu linabanduka, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye skrubu ya panchi, chuma kinachobana unga kuwa kidonge, ili akaze zaidi. Kwa parasetamoli hapo anazidisha tatizo. Fuwele zake hurudi kama springi shinikizo likiondoka, na ukizidi kubana zinaachana zaidi. Mimi humwambia aangalie gundi kwanza, yaani kile kinachoshikanisha unga.

Tengeneza mafungu manne ya gramu 240, kila moja la vidonge 400 vya miligramu 600. Katika kila fungu weka parasetamoli gramu 200, wanga mkavu wa mahindi gramu 20 na magnesiamu stearati, kilainishi cha kuzuia unga kunata kwenye mashine, gramu 1.2. Gramu 18.8 zilizobaki ni povidoni K30, ambayo ndiyo gundi yetu, pamoja na laktosi, sukari ya maziwa. Povidoni iwe gramu 0, 4.8, 9.6 na 14.4, yaani asilimia 0, 2, 4 na 6 ya fungu. Laktosi ijaze pengo. Uzito ukibadilika kati ya mafungu, hutajua kilicholeta ugumu ni gundi au ni ule uzito.

Yeyusha povidoni katika mililita 50 za maji kwa kila fungu, hata lile lisilo na gundi lipate maji hayohayo. Mimina kidogo kidogo kwenye unga ukikanda. Ukifumbata donge, lishikane bila kulowesha kiganja. Pitisha kwenye chekecheo, kausha kwa nyuzi 50 hadi 60, na usikaushe kupita kiasi: chembe zikibaki na unyevu wa asilimia 1 hadi 2 zinabanika vizuri, zikikauka kabisa, kofia zinarudi.

Huna povidoni? Pika uji wa wanga. Wanga huohuo unaopasua kidonge tumboni ukiwa mkavu, ukishapikwa unakishika. Wa muhogo nao unafaa.

Magnesiamu stearati iingie mwisho, ichanganywe dakika chache tu. Ni ya mafuta. Ukiichanganya sana inazipaka chembe zote na gundi yako inapoteza kazi. Wengi huilaumu gundi kwa kosa la stearati.

Gonga mafungu yote kwa panchi moja na nguvu moja, kisha acha vidonge vilale usiku mzima kabla ya kupima, maana parasetamoli huendelea kujinyoosha. Pima ugumu wa vidonge 10. Lakini namba ya ugumu peke yake mimi siiamini: weka vidonge 11, karibu gramu 6.5, kwenye pipa la kuzungusha, mizunguko 100 kwa dakika 4. Visipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito, na kisipasuke hata kimoja. Halafu tumbukiza 6 kwenye maji ya nyuzi 37; visivyopakwa ganda visambaratike ndani ya dakika 15.

Tarajia fungu lisilo na gundi livue kofia. Kadiri povidoni inavyoongezeka, ugumu unapanda na muda wa kusambaratika unarefuka. Chukua kiwango cha chini kabisa kinachofaulu vipimo vyote viwili, cha pipa na cha maji. Asilimia 6 inayong'ang'ana majini haimsaidii mgonjwa mwenye homa.

Ukiwa pwani, acha vidonge vichache wazi kwenye sahani kwa wiki moja, uvipime tena. Povidoni hunywa unyevu wa hewa, na fungu lililofaulu Jumatatu linaweza kuwa limelegea.