Soma chaja kwanza, adapta baadaye

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Misimu ya safari ikiisha naletewa draya za nywele, pasi ndogo na mashine za kunyolea zilizoungua, na mwenyewe hunishangaa: "Mbona nilitumia adapta?" Adapta haina kosa. Kazi yake ni kuifanya plagi iingie kwenye soketi ya kigeni, basi. Volti zinazotoka ukutani haizigusi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, geuza chaja usome maandishi yale madogo ya nyuma, mstari ulioandikwa INPUT. Ukikuta 100-240V ~ 50/60Hz, umepona: unahitaji adapta tu. Chaja nyingi za simu, kompyuta mpakato na kamera ziko hivyo. Ukikuta namba moja pekee, 120V kwa mfano, hapo ndipo pa kuangalia. Marekani na Kanada wana volti 120, Japani 100, Ulaya 230. Draya ya volti 120 ukiichomeka kwenye 230 itavuta umeme karibu mara nne ya ule iliyotengenezewa, kwa sababu volti zikipanda na ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita, zinapanda nazo. Itavuma kwa kelele, itanuka, imekwisha. Ya 230 ukiipeleka Marekani haiungui, ila itakupulizia kaupepo vuguvugu mpaka mkono uchoke. Transfoma ya kuihudumia, yaani kifaa cha kubadilisha volti, ni mzigo mzito kabisa. Mimi ningeiacha draya nyumbani. Brazil ulizia kwanza ulikofikia, maana kuna miji ya volti 127 na mingine ya 220.

Plagi zenyewe hutambulika kwa herufi. G ya Uingereza ina pini tatu nene za bapa na fyuzi ndani yake. C ya Ulaya ina pini mbili nyembamba za mviringo, nayo huingia hata kwenye soketi za Uswisi na Italia. A na B ni za Marekani. I ya Australia ina pini za mshazari.

Kuna watu huchokoa tundu la juu la soketi ya G kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Acha kabisa. Tundu lile hufungua vifuniko vinavyozuia vidole visifike kwenye umeme, na plagi ikishaingia hivyo haikai imara, inacheza na kupata moto.

Kwenye adapta yenyewe tafuta ampea. Ya ampea 10 inabeba wati 2300 kwenye volti 230, lakini 1200 tu kwenye 120. Birika la umeme linaweza kuzidi hapo. Kifaa cha pini tatu kipe adapta yenye pini ya ethi inayogusa kweli. Nyingi za "dunia nzima" zina tundu la tatu la urembo tu.

Mwenye vifaa vingi vidogo abebe ekstensheni moja ya kwao na adapta moja. Ekstensheni nayo isomwe: iliyoandikwa 125V haifai kwenye volti 230.

Hotelini, kwenye zile soketi za bafuni zenye alama ya mashine ya kunyolea usichomeke draya. Na simu ikikukuta haijajaa baada ya matembezi, usiilaumu chaja: ulipochomoa ile kadi ya mlangoni inayowasha umeme wa chumba, huenda soketi nazo zilizimika.